Nge Mbele ya Kamera

(Hotuba hii niliitoa Dodoma kwenye jioni ya filamu ya vijana wetu. Nimeiandika karibu kama ilivyotoka mdomoni. Vichekesho viwili vilivyobuma nimeviondoa.)

Ndugu mwenyekiti, mgeni rasmi, wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana mliosimama ukutani kule nyuma kana kwamba viti vinauma: itifaki imezingatiwa.

Niliombwa nizungumze nusu saa kuhusu wanyama kwenye filamu. Nikakaa na karatasi siku tatu. Simba ana wasemaji wake, papa ana wasemaji wake, nyani ndiyo usiseme. Nikamchagua nge. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na ushee, na filamu nimezitazama kwa muda mrefu kuliko huo, na katika shughuli zote mbili sijaona kiumbe anayesingiziwa mambo kama huyu. Halafu hapa Dodoma ni jirani. Nani humu ndani hajawahi kumkuta bafuni au chini ya ndoo? Naona mikono mitatu tu, na hao watatu ninahisi ni wageni.

Mimi aliniuma nikiwa na miaka tisa. Bibi yangu alikuwa na amri moja ya asubuhi: kung'uta kiatu kabla hujavaa. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa namba, nikatia mguu kwenye raba moja kwa moja. Maumivu yake siwezi kuyaeleza vizuri zaidi ya kusema ni kaa la moto lililowekwa kwenye kidole, kisha likasahauliwa humo. Nikapiga yowe mpaka jirani akatoka na panga. Bibi hakuniuliza nimeumia wapi. Aliuliza, "Yuko wapi?" Akaigeuza raba, akaigonga kwenye jiwe, akadondoka mdudu wa rangi ya majani makavu, mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Nilitarajia dubwana. Mdudu mwenyewe alizunguka mara mbili, akaliona lile jiwe, akaingia chini yake. Alikuwa anatafuta pa kujificha tangu mwanzo, na raba yangu ilikuwa pazuri.

Bibi alinyanyua jiwe akammaliza kwa kandambili. Siku hizo hakukuwa na majadiliano.

Sasa, miaka michache baadaye, nikamkuta nge mwingine kwenye kibanda cha video. Wazee wenzangu mnakumbuka: televisheni ya inchi kumi na nne, deki iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, jenereta linanguruma nje, na sheria ya kwanza ya sinema, kwamba stelingi hafi. Filamu ilikuwa The Five Venoms, ya Chang Cheh, kutoka Shaw Brothers wa Hong Kong, ya mwaka 1978. Mwalimu mzee wa kungfu yuko karibu kufa. Anamtuma mwanafunzi wake wa mwisho akawatafute wanafunzi watano wa zamani, kila mmoja amefunzwa mtindo wa kiumbe wake: tandu, nyoka, nge, mjusi na chura. Walifunzwa wakiwa wamevaa vinyago, kwa hiyo sura zao hazijulikani. Wanne unawajua mapema mapema. Wa tano, nge, unakaa naye kwenye filamu nzima bila kujua ni nani. Anapita, anasalimia, anakula. Tulibishana kibanda kizima. Mpigaji wa tiketi, ambaye alishaiona mara nane, aliwekewa ulinzi asije akaropoka.

Wakati ule niliona ni ujanja wa hadithi tu. Sasa naona Chang Cheh alimwelewa nge kuliko wengi waliomfuata, maana huyu ndiye mwenye desturi ya kukaa ndani ya nyumba yako usijue.

Hapo nataka niseme neno moja la Kiswahili kabla sijaenda mbali. Kwa Kiarabu nge ni akrabu, na neno hilo tunalo. Tunalitumia kwa buruji ya nyota, ile ambayo miezi hii ya Juni na Julai mkitoka nje saa tatu usiku mtaiona imejikunja juu yetu, na nyota nyekundu katikati ambayo Waarabu waliiita moyo wa nge. Lakini Waswahili walilitumia akrabu kwa kitu kingine pia: mshale wa saa. Mzee wa pwani akikuambia akrabu ndefu na akrabu fupi, anakusomea saa.

Mimi naona hakuna nadharia ya sinema inayomshinda mzee huyo. Nge kwenye filamu ni mshale wa saa. Mwongozaji anamweka kitandani, kwenye buti, juu ya shuka karibu na bega la mtu aliyelala, na kuanzia hapo huhitaji muziki. Saa imeanza kwenda. Hahitaji hata kuuma. Akiuma, saa imesimama na utamu umekwisha.

Ndiyo maana filamu za James Bond zimemtumia zaidi ya mara moja. Nitataja mbili, na ya pili ni bora. Kwenye Diamonds Are Forever ya 1971, wauaji wawili, Mr. Wint na Mr. Kidd, wako jangwani Afrika Kusini wakimsubiri daktari wa meno anayefanya magendo ya almasi. Anafika, nge anatumbukizwa ndani ya shati lake kwa mgongoni, mtu anapiga kelele, anaanguka, kwisha kazi. Wanangu, hakuna nge wa hivyo. Hata wale wabaya kabisa, sumu yao hufanya kazi kwa muda: mate kujaa mdomoni, jasho, misuli kurukaruka, moyo kwenda mbio, pumzi kuwa shida. Kuna nafasi ya kumfikisha mtu hospitali, na nafasi hiyo ndiyo huokoa maisha. Anayekatwa wembe, anayepakwa mafuta ya taa, anayewekewa jiwe la nyoka kwa saa nne, huyo ameibiwa hiyo nafasi. Makadirio yanayotajwa sana ni watu milioni 1.2 wanaoumwa na nge kila mwaka duniani, na zaidi ya 3,000 wanaokufa, wengi wao watoto. Kwa hiyo msitoke hapa mkasema mwalimu kasema nge ni mdoli. Nimesema haui kwa sekunde mbili.

Ya pili ni Skyfall, mwaka 2012. Bond amejificha pwani ya Uturuki, dunia inadhani amekufa. Yuko baa usiku, watu wamemzunguka wanashangilia dau, na juu ya mkono wake ulioshika glasi amekaa nge. Anatakiwa anywe bila kuumwa. Itazameni tena mkirudi nyumbani. Baa nzima ina kelele, jasho, mikono hewani. Aliyetulia pale ni nge.

Kwa kuwa nimeingia kwenye sumu, nimalizie. Kwenye filamu ya Indiana Jones ya 2008 kijana anaumwa na nge, anaogopa atakufa. Indiana anamuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani, na anamwambia kwa nge, mkubwa ndiyo heri. Watu walicheka ukumbini. Mwalimu wa baiolojia hakucheka, maana safari hii Hollywood ilikuwa imesoma. Si sheria ya moja kwa moja, lakini yenye mantiki: mwenye magando manene na mkia mwembamba kwa kawaida anategemea magando, mwindwa wake anamponda. Mwenye magando membamba kama koleo la nyusi na mkia mnene, huyo nguvu zake ziko nyuma. Mkumbuke hivyo tu: gando nene, pumua, mkia mnene, kaa mbali. Na wale weusi wakubwa mnaowaona kwenye filamu wakitambaa usoni mwa mtu, mara nyingi ni nge wa Afrika Magharibi anayeitwa Pandinus imperator. Anafika sentimita 20, anatisha kama gari la polisi, na kuumwa naye hakupishani sana na nyuki. Amependwa mno na wafugaji, mpaka biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa chini ya mkataba wa CITES. Yaani mwigizaji huyu sura yake imemponza mwenyewe.

Halafu kuna nge wakubwa kama basi. Hapa sitakaa sana. Mnaijua The Black Scorpion ya 1957: volkano inalipuka Mexico, wanatoka nge wakubwa kuliko magari ya moshi. Ufundi wa wanasesere ulikuwa wa Willis O'Brien, yule yule aliyemsimamisha King Kong mwaka 1933, akiwasogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena. Mienendo ya miguu ni ya nge kweli. Mzee yule aliwatazama nge. Aliyeharibu ni aliyetengeneza kile kichwa cha picha za karibu, kina macho ya kukodoa na kinatiririka mate, kikarudiwa rudiwa filamu nzima. Fedha zilipoisha, sehemu nyingine wakaonyesha kivuli cheusi tu cha nge kikipita juu ya mji. Mimi hicho kivuli ndicho kinachonitisha. Mwanafunzi wake, Ray Harryhausen, naye akawatoa nge kwenye damu ya Medusa, yule mwanamke wa ngano za Wagiriki mwenye nyoka kichwani, katika Clash of the Titans ya 1981, na wale wanapigana vizuri.

Swali ninaloulizwa darasani: mwalimu, je, inawezekana? Haiwezekani. Ukimrefusha nge mara kumi, uzito wake unapanda mara elfu moja, lakini nguvu ya miguu inayombeba inapanda mara mia tu. Ataanguka alipo. Na mapafu yake, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, yatashindwa. Mkubwa wa kale tunayemjua vizuri, aliyekutwa kwenye mawe ya Uskoti, alikuwa na urefu wa kama sentimita 70. Huyo inatosha. Huyo mbwa wako angemkimbia.

Basi niwapeleke Ufaransa, mwaka 1930. Luis Buñuel, Mhispania, anatoa filamu yake ya L'Âge d'or. Watu wameingia ukumbini kuona kashfa, maana jina lake lilishaanza kunuka. Taa zinazimwa, na wanachoonyeshwa ni nge. Siyo nge wa hadithi. Ni somo la sayansi, picha zilizotoka kwenye filamu ya elimu ya mwaka 1912, na maandishi yanayoeleza kama ubaoni: huyu ni jamii ya buibui, magando yake ni ya vita na ya kupashana habari, mkia wake una pingili tano, na mwishoni kuna kifuko cha sumu. Anapigana na panya, anamshinda. Halafu filamu yenyewe inaanza, na nge harudi tena.

Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mtu amekosea mkanda. Lakini Buñuel kijana alisomea wadudu Madrid kabla ya kuingia sinema. Alikuwa anajua anachofanya. Baadaye unaona filamu nayo imekwenda kwa pingili, kipande baada ya kipande, na sumu iko mwishoni. Waliodungwa walidungwa kweli. Desemba ya mwaka huo vikundi vya mrengo wa kulia viliingia ukumbi wa Studio 28 hapo Paris, vikarusha wino kwenye kioo, vikachana michoro iliyotundikwa ukumbini, na muda mfupi baadaye polisi wakaipiga marufuku filamu. Mwalimu mwenzangu mmoja huwa anasema hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote juu ya sanaa: nimewaonyesha pingili, nimewaonyesha kifuko, mmekaa wenyewe.

Sasa nije kwenye kesi yangu na nge wa sinema.

Hadithi ya nge na chura mnaijua wote. Nge anataka kuvuka mto, anamwomba chura ambebe. Chura anasema utaniuma. Nge anasema nikikuuma tutazama sote. Katikati ya mto anamuuma. Chura anauliza kwa nini, nge anajibu: ndiyo tabia yangu. Mwongozaji Mmarekani Orson Welles aliiingiza kwenye filamu yake ya Mr. Arkadin mwaka 1955. Tajiri Arkadin anawasimulia wageni wake kwenye karamu, kisha anawaambia wanywe kwa heshima ya tabia. Tangu hapo kila mwandishi wa filamu anayetaka mhusika wake aonekane mzito anamvusha nge mto. Kuna watu wameniapia kwamba ni ngano ya Esopo, yule msimulizi wa Ugiriki ya kale. Siyo. Kilicho cha kale ni hadithi ya Waajemi, iko kwenye kitabu cha Kashifi wa Herat, karne ya 15, na humo anayebeba ni kobe. Kobe anasikia kitu kinamgonga gonga mgongoni, anauliza ni nini. Nge anasema, najua gamba lako halipenyeki, ila ndiyo mazoea. Na mwisho wake kobe anabaki hai.

Mmeona tofauti? Waajemi walimpa mbebaji gamba. Sinema ikamnyang'anya. Ikamweka chura, mwenye ngozi laini, ili wote wafe na mtu ainue glasi.

Na mimi ugomvi wangu ni na lile jibu, "ndiyo tabia yangu". Nimelisikia kwa mlevi, kwa mume anayepiga mke, kwa mtu aliyekula fedha za kikundi. Wote nge. Lakini muulizeni nge mwenyewe! Sumu kwake ni mali. Akiimaliza, anakaa siku kadhaa kuitengeneza upya, na siku hizo yuko mikono mitupu. Ndiyo maana mara nyingi anadunga bila kutia chochote, au anatia kidogo. Kuna nge wa kusini mwa Afrika, jamii ya Parabuthus, anayeanza na kimiminika chepesi, cha bei nafuu tuseme, na sumu yenyewe nzito anaitoa akiona adui hajaelewa. Huyu anahesabu kama mama muuza mboga. Katikati ya mto, juu ya chura? Angeshikilia kwa miguu yote minane na kukaa kimya mpaka ng'ambo.

Kwa haki, wapo walioitumia hadithi hiyo kwa akili. Neil Jordan, The Crying Game, 1992. Askari wa Uingereza ametekwa na IRA, wapiganaji wa Ireland wanaoipinga Uingereza, amefunikwa kichwa, amefungwa, na kijana anayemlinda anaitwa Fergus. Mateka anamsimulia nge na chura. Anachofanya ni kumpima: wewe ni yupi kati ya hao wawili? Ameshaona kwamba Fergus hana ukatili damuni, anajaribu kuponea hapo. Na filamu inapofika mwisho kabisa, Fergus yuko gerezani kwa kosa alilolibeba kwa ajili ya mtu mwingine, akiulizwa kwa nini alifanya hivyo, anaanza kusimulia hadithi ile ile. "Ndiyo tabia yangu" imegeuka kuwa maneno ya mtu aliyetenda wema. Nilikaa kwenye kiti mpaka majina yote yakapita.

Na Drive, 2011, ya Nicolas Winding Refn. Dereva asiye na jina, Ryan Gosling, amevaa koti la satini lenye nge wa dhahabu mgongoni. Vijana wengi walilinunua hilo koti wakidhani wamekuwa nge. Jamani, nge yuko mgongoni! Anayembeba nge mgongoni ni nani kwenye hadithi? Wameuziwa sare ya chura.

Japani walikuwa na nge mwanamke. Female Prisoner 701: Scorpion, mwaka 1972, Meiko Kaji ni mfungwa aliyeuzwa na mpenzi wake askari polisi, anaitwa Sasori, yaani nge. Anasema maneno machache sana, anatazama, anangoja. Vijana wa kike humu, itafuteni, lakini msiitazame na watoto.

Nimebakiza moja, na hii ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko wenu.

The Wild Bunch, Sam Peckinpah, 1969. Ni mwaka 1913 ndani ya filamu, mji mdogo wa Texas karibu na mpaka wa Mexico. Wanaume wamevaa sare za jeshi wanaingia mjini kwa farasi, polepole. Si wanajeshi, ni majambazi, lakini bado hatujui. Kando ya njia kuna watoto wamechuchumaa, wavulana na wasichana, wanacheka vizuri kabisa, meno nje. Kamera inashuka tuone wanachochekea. Wamejenga kizimba kidogo cha vijiti. Ndani wamewatia nge juu ya siafu wekundu, mamia kwa mamia. Nge anainua mkia, anadunga, anadunga, na unajua na yeye ni kama anajua kwamba hakuna wa kumdunga: ukiua siafu mmoja, mia wameshapanda. Mtoto mmoja anachokonoa kwa kijiti ili asitoke. Yule kiongozi wa majambazi, Pike, anayeigizwa na William Holden, anapita juu ya farasi, anawatazama, watoto wanamtazama.

Baada ya hapo kuna ujambazi wa benki ulioharibika na risasi zinazopita katikati ya maandamano ya waumini wanaopinga pombe, na wanaokufa wengi hawakuwa na kosa. Na katika vurugu hiyo tunarudishwa kwa watoto. Wamechoka na mchezo. Wanatupia nyasi juu ya kizimba, wanawasha moto, nge na siafu wanaungua pamoja.

Wazo hilo hakulitoa Peckinpah. Alipewa na Emilio Fernández, mwongozaji mkubwa wa Mexico mwenyewe, ambaye humo anaigiza jenerali Mapache. Alimwambia ndivyo walivyokuwa wakicheza utotoni. Na filamu nyingi zingeishia hapo, tukasema nge ni majambazi, siafu ni jeshi litakalowameza, tukaenda zetu. Lakini kaa mpaka mwisho. Vita vya mwisho, Pike amesimama nyuma ya bunduki kubwa, ameua watu wasiohesabika. Anayekuja kummalizia ni nani? Mtoto. Mtoto aliyevaa sare, na bunduki. Peckinpah alikuwa amekwisha kutuonyesha saa mbili zilizopita ni mikono ya nani inashika kijiti.

Mimi nilipoiona hiyo nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa harufu. Harufu ya nyasi kavu. Kwa sababu na sisi tulifanya. Hapa hapa Dodoma, nyuma ya shule, baada ya kisa cha raba. Tulikuwa tunamzungushia nge duara la mafuta ya taa na kuliwasha, kuona kama ni kweli anajiua kwa kujidunga. Kila mmoja wetu aliapa ameona. Miaka kumi baadaye chuoni nikafundishwa kwamba sumu yake haimdhuru hivyo mwenyewe. Joto linamkaza misuli, mkia unajikunja juu ya mgongo, anakufa kwa kuchemka. Tulichokuwa tunakiona tukashangilia, tukakiita ujasiri wa nge, kilikuwa hicho.

Sijawahi kulisema hilo hadharani. Tuendelee.

Wiki iliyopita, nikiandaa maneno haya, nilikwenda dukani kwa jirani yangu nikamwazima tochi ndogo anayokagulia noti bandia, hii hapa, yenye mwanga wa zambarau. Ngozi ya nge ikipigwa na mwanga huu inang'aa. Usiku, saa nne, nikaenda kwenye ule ukuta wa mawe nyuma ya ukumbi huu. Nikamulika. Sekunde chache hakuna kitu, halafu kwenye ufa, rangi ya kijani iliyopauka, inang'aa kama zile akrabu za saa ya mkononi ya babu zilizokuwa ziking'aa gizani. Miguu minane, magando mawili, mkia umelazwa pembeni. Nikahesabu pingili: tano, na kifuko.

Ila mgongoni palikuwa na doa lisilong'aa. Nikazima ile tochi, nikawasha ya simu. Ni watoto. Weupe kama punje za mchele, nilihesabu kumi na nane kabla hajasogea. Nge hatagi mayai. Anazaa, na watoto wanampanda mgongoni, anawabeba mpaka wajivue gamba la kwanza, na kabla ya hapo ngozi zao bado hazijapata ule mng'ao. Nilikuwa na uso wangu umbali wa dhiraa moja. Hakuinua mkia. Alirudi nyuma taratibu ndani ya ufa, kwa uangalifu wa mtu anayepitisha kitanda mlangoni, mmoja akateleza, akamngoja mpaka akapanda tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Jana usiku nilipita, bado yupo. Tutatoka sita sita, tochi ninayo mimi. Aliyevaa ndala abaki, na simu zote zizimwe taa mpaka niseme.